Asiyelala kwa Herufi Kubwa

Ulikuwepo. Usijiumeume. Ulikaa safu ya nyuma kwenye kile kikao cha wazazi, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, na mwalimu wa darasa alipoinua daftari la yule mtoto ili wote walione, wewe uliinama ukaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wako. Ulitafuta nini muda wote ule? Mtoto alikuwa amesimama mbele yenu, soksi moja juu, moja chini, akiwapitia watu wazima mmoja mmoja kwa macho, apatikane hata mmoja wa kumtazama. Ulikipata ulichokuwa unakitafuta? Na kama hukuwa kwenye kikao kile, ulikuwa kwenye kingine kama kile. Vikao vya namna hiyo havijawahi kukosa watu wa kuchokora mikoba.

Mimi nakumbuka. Wanaonijua wanasema ndio ugonjwa wangu. Nakumbuka karani aliyeniandikisha shule. Alipofika kwenye swali la dini alimuuliza baba, baba akamjibu, karani akacheka kidogo kupitia puani akaandika neno fupi. Wakati huo sikujua kusoma, lakini nililikariri umbo la lile neno, na nilipokuja kujua kusoma nikalisoma kichwani: *Hana.* Baba alikuwa na dini kuliko karani yule na ukoo wake mzima, na kwenye karatasi akawa hana.

Shule sikumaliza. Kusoma nimejifunza kwenye karatasi za kufungia sukari na kwenye kuta za watu, maana kazi yangu ni kuandika mabango. Nimeandika makanisa, nimeandika misikiti, nimeandika vinyozi na mabaa. Mwenye baa mmoja alitaka neno BIA liwe refu kuliko mlango wake, nikapanda ngazi nikaliandika likawa refu kuliko mlango wake. Hakuna aliyekuja kumuuliza bia yake ina wafuasi wangapi.

Yule mtoto ni mjukuu wa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi anashona sare za shule, cherehani yake iko chumba cha mbele, na robo ya watoto unaowaona asubuhi wamevaa kola zake. Ni mtu wa maneno makali. Akinyamaza usidhani amekukubalia. Mara nyingi ana pini mdomoni.

Sisi Mungu wetu tunamwita Asiyelala. Hilo ndilo jina, hatuna la akiba. Na ukilitaja, unasimama. Kama umekaa unainuka kwanza, unaweka kiganja cha kulia tumboni, unalitaja, kisha unakaa. Mgonjwa anainuliwa. Mzee anashikwa kwapa. Ndiyo maana hatulitaji ovyo kama watu wanavyotaja majina ya wachezaji mpira, magoti hayaruhusu. Goti la kushoto la Shangazi limekwisha kwa kukanyaga cherehani, na bado anainuka, anaguna, anasimama wima kama mtu aliyeitwa.

Sasa huyu mjukuu alikuwa ameanza kukaa. Nilikuwepo siku hiyo, nimeenda kuchukua suruali yangu. Mtoto alitoka shule, akala, akashukuru kwa Jina akiwa amekaa vilevile kwenye kigoda, harakaharaka, jicho moja mlangoni asije rafiki yake akamwona. Kitabu chao cha zamani cha shule kilikuwa kimewafundisha kwamba watu kama sisi tunaabudu mizimu na mawe, na darasa lilikuwa limecheka vya kutosha. Shangazi hakumkaripia. Aliendelea kushona, na kola aliyokuwa anashona ikaenda upande, akaifumua yote.

Haukupita muda akaja mhariri mmoja, dada mstaarabu wa kampuni ya vitabu, na kinasa sauti. Alisema kinatengenezwa kitabu kipya cha shule, kuhusu dini zote zilizopo nchini, sura tatu, na sura ya tatu ni yetu. Anatafuta mtu wa kuisimulia kwa kinywa chake, si msafiri wa zamani aliyepita akaandika alichokisikia kwa mpagazi. Shangazi alimhoji yeye kwanza. Alimuuliza kama maneno yatabaki kama yalivyosemwa. Yule dada akasema atajitahidi kwa uwezo wake wote, na mimi nilimwamini, na sijajuta kumwamini yeye.

Alipoondoka nikamuuliza Shangazi kwa nini amekubali, yeye ambaye huwa hakubali hata kupigwa picha. Akatoa pini mdomoni. Akashika ukingo wa meza, akainuka, mkono tumboni.

"Mtoto anaamini kitabu," alisema. "Basi nitamtia Asiyelala kitabuni, tuone kama ataendelea kukaa."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakuna kingine. Ukitaka kujua hadithi hii ni ya nini, ni ya hicho.

Kampuni ile ina utaratibu wake wa zamani, na wanajivunia. Kabla kitabu hakijaenda mtamboni, kinasomwa kwa sauti. Mmoja anasoma karatasi za majaribio, mwingine anafuatisha kwenye nakala ya awali. Na msomaji hasomi maneno tu; anataja kila kitu. Anasema koma, anasema nukta, na kila penye herufi kubwa anasema "kubwa" kabla ya neno. Na yule ambaye maneno yake yamenukuliwa ana haki ya kuitwa akae asikilize. Basi Shangazi akaitwa. Mimi nikamsindikiza kwa sababu ya goti, ingawa yeye alisema nimemfuata kwa sababu ya mdomo wangu.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, meza moja ndefu, feni inayozunguka bila kuleta upepo, karatasi zimebanwa kwa vikombe vya chai. Msomaji alikuwa mhariri mkuu mwenyewe. Kule ofisini kwao wanamwita Bwana Kanuni, na nadhani hata yeye analipenda jina hilo. Mtu nadhifu, kola imenyooka, miwani imefungwa kamba shingoni. Alimwamkia Shangazi kwa heshima zote, akamvutia kiti mwenyewe, akaomba radhi kwamba wamechelewa kidogo na wako mwisho wa sura ya pili. Yule dada alikuwa anafuatisha.

Tukakaa tukasikiliza mwisho wa sura ya pili. Ilikuwa "kubwa" mtindo mmoja. Kubwa Mungu, kubwa Mwenyezi, kubwa Kitabu, kubwa Mtume, kubwa Nabii. Aliyasoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo vya kioo kabatini. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliniegemea akaninong'oneza kwamba hawa watu wana adabu.

Akafungua sura ya tatu.

Akasoma kwamba wafuasi wa imani hii, koma, husema kuwa asiyelala ndiye aliyeiumba dunia, nukta.

Shangazi alikuwa ameshasimama. Mkono tumboni. Akakaa. Bwana Kanuni akaendelea, asiyelala tena, bila "kubwa". Shangazi akasimama, akakaa. Ikawa hivyo ukurasa mzima. Jina linatajwa dogo, yeye anainuka, kiti kinalia, goti linalia, anakaa. Yule dada alikuwa ameacha kufuatisha, ameinamisha uso, masikio yamekuwa mekundu. Mimi nikashindwa. Nikamwambia yule bwana kwamba amesahau jambo, na kama hajasahau basi ni jeuri, nikaanza kumkumbusha karani wa shule na mengine mengi.

"Nyamaza wewe," Shangazi akaniambia. "Sijakuleta ugombe, nimekuleta unishike nikianguka." Kisha akamgeukia. "Mwanangu, wale wenzangu umewatajia kubwa. Wa kwangu umempitia?"

Bwana Kanuni akavua miwani. Hakuwa na kiburi, nataka niwe mkweli hapo; alieleza kama daktari anavyoeleza ugonjwa usio na dawa. Alisema herufi kubwa ni ya jina mahususi, na hili la kwetu si jina hasa, ni maelezo. Nikamuuliza Mwenyezi si maelezo? Na Bwana? Bwana si hata mwenye duka ni bwana, mbona Bwana wa wenzetu mkimtia kitabuni mnamkuza? Alisema kuna kamati ya wapitiaji, kila dini ina mwakilishi wake, anakuja na barua ya ofisi yake yenye mhuri, anatetea maneno yake. Sisi hatuna ofisi. Hatuna mhuri. Kamati imeshauliza, kama kila anayeamini chochote atapewa kubwa, tutaishia wapi? Akasema yeye ni mtumishi wa kanuni, na watu wa mtamboni wanangoja.

Shangazi hakubishana. Alimwambia amalizie, anataka kusikia sala yake ilivyotoka.

Sala yetu ndefu ile Shangazi aliisema kwenye kinasa sauti kama anavyoisema nyumbani, na yule dada hakuigusa hata neno. Ina mwendo wake. Kila mstari unaanza na Jina, kisha ombi, kisha pumzi. Bwana Kanuni akavaa miwani, akaanza. Mstari wa kwanza akautaja na koma zake, Jina likiwa dogo hata hapo mwanzoni mwa mstari. Wa pili pia. Wa tatu koma akazisahau. Sauti ikashuka, ikaacha kuwa ya kupanga vyombo, ikawa na ule mvuto wa mwishoni ambao haumo kwenye maandishi, ambao hakuna karatasi inaweza kumfundisha mtu. Shangazi aliinua kichwa. Mstari wa nne, *Asiyelala, utulindie waliolala*, na yule bwana akainuka.

Akainuka kitini. Mkono wake wa kulia ukatoka kwenye karatasi ukaenda ukatulia tumboni, juu ya tai.

Nadhani yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Alifika kwenye pumzi, akaona meza iko chini kuliko ilivyotakiwa kuwa, akabaki hapo katikati, hajakaa, hajasimama, kama mtu aliyekalia kitu cha moto. Feni ikazunguka. Yule dada akamtazama, akanitazama, akatazama dirishani.

"Mguu umekufa ganzi," Bwana Kanuni akasema.

"Pole," Shangazi akamwambia. "Na mkono nao umekufa ganzi ukaangukia tumboni?"

Akauondoa mkono haraka kama amekutwa anaiba. Akakaa. Alizipanga karatasi ambazo hazikuwa zimepangulika. Shangazi akavuta kiti chake mpaka karibu na meza, akamuuliza taratibu, kama anavyomuuliza mtoto aliyekuja kupimwa sare na michubuko mgongoni, ni nani aliyemlea.

Akavua miwani. Kisha akasema, "Bibi yangu. Mzaa mama." Na baadaye, bila kuulizwa: "Mama, mimi nimefika kwenye kiti hiki kwa sababu hakuna aliyejua."

"Na mjukuu wangu afike wapi?"

"Afike nilipofika mimi."

"Akiwa amekaa," Shangazi akasema.

Ningeweza kukuambia kwamba machozi yalimtoka, akachukua karatasi akatia kubwa zote mwenyewe. Watu wangeipenda hadithi hiyo, wangetoka nayo wakajisikia vizuri. Haikuwa hivyo. Shangazi alimwambia, umesimama kwa miguu yako, hukulazimishwa, basi msimamie na kwenye karatasi. Yule bwana akatazama mlango, ukuta, saa. Kisha akamwambia yule dada, kwa sauti ambayo ilikuwa imerudi kabatini kwenye vioo vyake, kwamba sura ya tatu iende kama ilivyo.

Shangazi akasema basi wamtolee maneno yake, hataki. Akaambiwa alishakubali kurekodiwa, na kampuni ilishalipa gharama za sura.

Tulikuja kusikia kwamba baada ya sisi kuondoka yule dada alizichukua karatasi zile akapandisha kila Jina, ukurasa kwa ukurasa, na mkubwa wake akayakuta kabla hayajaenda mtamboni akayashusha yote kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria mtu mzima, aliyelelewa na bibi yule, anapita na raba juu ya jina lile, moja baada ya jingine. Sijui alikuwa amekaa au amesimama. Yule dada akahamishiwa ghalani. Sasa anafunga maboksi ya kitabu kilekile.

Nilitaka kwenda kumtangaza yule bwana. Nina ukuta mmoja mzuri barabarani, unaonekana kutoka mbali, ningemwandikia ukoo wake kwa herufi za kimo cha mtu. Shangazi akanikataza. Alisema aibu ya mwenzangu si chakula changu, nikatafute chakula kingine. Kwa hiyo sijamtaja, na sitamtaja. Jina lake ninalo kichwani, na kichwa changu hakina raba.

Kitabu kikatoka. Jalada zuri, rangi tatu. Shangazi alikinunulia mjukuu wake kama mzazi mwingine yeyote, kwa sababu bila kitabu haingii darasani. Hakumwambia kilichotokea kule ghorofani. Lakini mtoto ana masikio, nyumba ni vyumba viwili, na mimi, kama unavyojua sasa, huwa sisemi kwa sauti ndogo.

Likaja jaribio la darasa. Swali: wafuasi wa imani za asili humwita nani muumba wa dunia? Mtoto akajibu kwa neno moja, na akaliandika kwa herufi kubwa. Mwongozo wa mwalimu ulikuwa na jibu kwa herufi ndogo, kama kitabu. Akakatwa alama, na hiyo si kitu. Alama zinakatwa kila siku. Mwalimu akamwambia asahihishe. Hakusahihisha. Akaitwa mbele asome jibu sahihi kutoka kitabuni, darasa lisikie tofauti. Mtoto akasoma. Alipofika kwenye Jina aliweka kiganja tumboni, akasimama wima mbele ya wenzake wote, yule yule aliyekuwa anachungulia mlangoni asionekane. Darasa likacheka. Yeye akarudia sentensi tangu mwanzo.

Mwalimu akaita huo utovu wa nidhamu.

Halafu ndipo kikaja kile kikao chako. Daftari likainuliwa. Mwalimu mkuu akasema shule haina ugomvi na dini ya mtu, ina ugomvi na ukaidi, na kwamba mtoto atakaa nyumbani mpaka akubali kuandika kama kitabu kilivyoandika. Shangazi akasimama akasema maneno machache sana. Alisema, "Mnamfukuza kwa sababu ameheshimu. Mkimpata aliyedharau mtamfanya nini, mtampa zawadi?" Wengine wakacheka, maana aliyasema vizuri. Kucheka mnajua. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mzazi mwingine yeyote mwenye malalamiko juu ya kitabu hiki. Akangoja. Kwa kweli alingoja, simwonei. Zipu za mikoba zikasikika.

Nilikwenda mwenyewe kwenye kampuni baada ya hapo, bila kumwambia Shangazi. Bwana Kanuni alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alikuwa amekonda. Aliniambia kitabu kinachapwa tena muhula ujao, na kamati itaangalia malalamiko yaliyoletwa na wazazi. Nikamuuliza yameletwa mangapi. Akatazama viatu vyangu vilivyojaa rangi.

"Hakuna," akasema. Kisha, kwa sauti nyingine ambayo niliitambua, ile ya mstari wa nne: "Yakija, nitayapeleka. Nikipewa cha kupeleka, nitapeleka."

Sikumpenda kwa hilo. Bado simpendi. Lakini nimekukumbuka wewe.

Maana mtoto yuko nyumbani leo. Anamsaidia bibi yake kushona vifungo vya sare za watoto wenu, zinazokwenda shule asikokwenda yeye. Hakuna anayemlazimisha kuvumilia. Shangazi alimwambia akitaka aandike kama kitabu, arudi darasani, nyumbani hapa hakuna atakayemlaumu. Mtoto akamwuliza, wewe ungeandika? Shangazi akatia pini mdomoni.

Usiniambie dini hiyo si yako. Nimeandika milango ya nyumba zenu za ibada, najua yenu yana kubwa ngapi, na sijawahi kumnyima mtu hata moja. Usiniambie ni herufi tu. Kama ni herufi tu, mbona wamemfukuza mtoto kwa ajili yake? Na usiniambie utafikiria. Umeshafikiria, ulifikiria kikao kizima umeinama.

Mtoto wako ana kitabu kile kwenye begi. Kitoe. Fungua sura ya tatu, chukua wino usiofutika, na kila unapolikuta Jina lipandishe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho wa sala. Andika malalamiko yako, sentensi mbili zinatosha, weka jina lako chini kwa herufi kubwa kama unavyoliandika siku zote, uyapeleke shuleni na kwenye kampuni kwa mkono wako. Kesho asubuhi mtume mwanao darasani na kitabu hicho kikiwa wazi. Mmoja wamemweza. Darasa zima hawaliwezi. Acha kunisoma, nenda kalifungue hilo begi.